Taa Nyekundu ya Gari la Shangazi Fetuao

Sakaria hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na shamba la majimbi la kutosha watu wa nyumba yake, wala sauti ya kuimbia kanisani. Hakuwa na cheo, ingawa alikuwa amevuka umri ambao wanaume wengi wa Saluamea, kijiji chetu, huwa wamekwisha kupata nguzo ya kuegemea katika baraza la wakuu wa koo. Hakuwa na subira. Hakuwa na rafiki ambaye hakupata kumshuku walau mara moja, mimi nikiwa mmoja wao. Alichokuwa nacho ni funguo za gari.

Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, la viti saba. Shangazi Fetuao alilinunua Auckland, anakoishi, likiwa limeshatumika, akalipakia melini ili, kama alivyosema, watu wa ukoo wake wasiendelee kubebwa migongoni kwenda hospitali. Alisema gari ni la ukoo mzima, lakini funguo akae nazo Sakaria, kwa kuwa alikuwa na leseni na banda lenye bati. Tangu siku hiyo Sakaria alipita njiani akizichezesha zile funguo kidoleni, hata alipokuwa akienda kwa miguu.

Kisha baba mkubwa wa akina Sakaria, aliyeshika cheo cha ukoo, alifariki. Waliobaki wa kufikiriwa walikuwa wawili tu, watoto wa ndugu wawili: Sakaria na Ekueta. Ekueta alikuwa mdogo kidogo kwa umri, mkulima, mtu wa maneno machache na ya ukali, mwenye watoto wengi na mama mkwe mgonjwa ndani. Na kwetu, cheo hakitoki bila neno la upande wa mabinti wa ukoo, na neno hilo lilikuwa la Shangazi Fetuao. Yeye alikwisha kusema kwamba mambo ya cheo hayazungumzwi kwa simu. Mwenye la kusema aandike na atie saini.

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Nilifanya kazi miaka mingi katika bohari ya idara ya barabara kule Apia, na jioni, wenzangu walipokwenda kucheza karata, nilikwenda darasani. Vyeti vyangu viko ukutani hadi leo, kwenye fremu nilizotengeneza mwenyewe. Niliporudi kijijini watu waliniita Karani, nami sikulikataa jina hilo. Barua nzito za Saluamea zilipita mkononi mwangu.

Sasa, gari la ukoo kijijini kwetu haliombwi, huchukuliwa. Mchungaji atalichukua, mwalimu atalichukua, kamati ya akina mama italichukua. Kumnyima mtu ni aibu. Lakini aliyeazima naye ana wajibu wake. Bakuli lililoletwa na supu ya papai halirudi tupu. Litarudi na shelisheli, na vipande vya samaki, na chochote kilichopo. Gari vilevile. Litarudi limeoshwa na tangi limejazwa petroli, na hakuna atakayemwambia mwenyewe kwamba kiti kimechanika au mlango unagoma. Kusema hivyo ni kumwambia mwenzio kwamba alikupa kitu kibovu.

Alhamisi moja alasiri Ekueta alirudisha gari kutoka hospitali, alikokuwa amempeleka mama mkwe wake. Alilisimamisha mbele ya nyumba ya Sakaria, akatoka, na bila kupanda ngazi akapaza sauti.

"Sakaria! Breki zako hizo! Ukishuka mlima wa Mafa namna hii utatuachia msiba!"

Sakaria alikuwa amekaa sakafuni akinywa kakao. Kikombe kilisimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Unaniombea kufa?"

"Nakwambia tu. Mimi leo nili—"

"Weka funguo hapo, uende zako."

"Sikiliza basi, wewe mtu!"

"Nimeshasikia. Umesema msiba. Matalena, umesikia kasema msiba?"

Mkewe Matalena alijibu kutoka jikoni kwamba alichosikia yeye ni mbwa wawili wakibweka. Ekueta aliziweka funguo juu ya ngazi kwa nguvu, akaenda zake bila kugeuka. Tangu hapo hawakusemezana.

Sakaria alipoliwasha gari ili aliingize bandani, taa nyekundu iliwaka kwenye dashibodi: duara lenye alama ya mshangao katikati. Aliangalia breki ya mkono akakuta imeshushwa. Alifungua boneti. Kile kikopo cha plastiki cha mafuta ya breki kilikuwa karibu kufika chini ya mstari wa mwisho. Pembeni ya kifuniko chake, rangi ya gari ilikuwa imebabuka na bati limebaki wazi kama kidonda cha moto.

Alikuja kwangu mbiombio, shuka yake ikiwa imelegea kiunoni.

"Karani, chukua kalamu. Ekueta anataka kuniua."

Nilimfuata nikaangalia. Nilijua kutoka bohari kwamba mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo ule ubabukaji ulikuwa ushahidi kwamba kifuniko kile kilifunguliwa na mafuta yakadondoka, tena si mara moja. Sakaria aliapa kwamba yeye hajapata kukigusa tangu gari lifike. Nililala chini nikatazama sakafu ya banda. Kavu. Nilipitisha kidole kwenye mabomba na nyuma ya matairi. Vumbi tu.

"Hayavuji," nilisema.

"Hayavuji, na yamepungua. Basi yamekwenda wapi? Yamepanda mbinguni? Ameyanyonya huyo! Kanyonya kwa mpira, kisha kaja kunicheka mlangoni. Wiki ijayo ningeshuka Mafa na mke wangu nikanyage hewa. Andika hivyo."

"Nikiandika hivyo, unajua kitakachofuata?"

Alijua, na mimi nilijua. Shangazi Fetuao angepiga simu kwa wakuu wa baraza. Kwetu mtu anayejaribu kumdhuru ndugu wa damu hapewi onyo. Hutolewa kijijini yeye na nyumba yake nzima, na kabla jua halijazama paa lake linateremshwa. Ekueta angelala wapi na wale watoto, na yule bibi asiyeweza hata kukaa?

"Nitaandika tuliyoyaona," nilimwambia. "Tuliyoyawaza sitaandika. Tutafute ushahidi kwanza."

Alinitazama kwa jicho moja, la pili akilifumba. "Au na wewe uko upande wake?"

Niliomba rangi ya kucha kwa Matalena. Nikachora mstari mwekundu kwenye kikopo, pale pale mafuta yalipoishia. Nikamwambia Sakaria asiongeze kitu, asiguse kitu. Akija mwizi, yatashuka chini ya mstari na tutajua ni baada ya nani.

Jumamosi Mchungaji Onosai alikuja kuchukua gari. Alikuwa akienda kijiji cha jirani, barabara ya pwani isiyo na kilima, na hakuna anayemnyima mchungaji. Sakaria alimpa funguo akitabasamu kwa ufizi, kisha akanivuta shuka. Tulikaa katika kibanda chao cha kupikia, nyuma ya rundo la makumbi ya nazi, tukingoja gari lirudi. Moshi ulituumiza macho. Kila aliyepita njiani Sakaria alimpatia kosa: yule alikuwa anatembea polepole mno, yule alikuwa anatembea haraka mno, na mbwa wa Ekueta amekuja kunusa nini huku?

Mchungaji alirudi kabla ya kengele ya sala ya jioni. Aliliingiza gari bandani, akashuka, akatazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akafungua boneti. Kutoka kwenye mfuko wake wa Biblia akatoa kichupa.

"Kumbe na mchungaji kanunuliwa," Sakaria alininong'oneza. Kabla sijamshika, alikuwa ameshatoka mbio na kijiti cha kuni mkononi.

"Weka chini! Weka chini hiyo sumu!"

Mchungaji alishtuka hata akamwagia mkono wake mwenyewe. "Jamani, Sakaria! Sumu gani?"

"Unatia nini ndani ya gari langu?"

"Mafuta ya breki. Tazama, kichupa kimeandikwa." Alikiinua huku uso ukimwiva kwa aibu. "Ndugu yangu, taa yako inawaka. Nikurudishie gari la watu likiwa na njaa?"

Sakaria alibaki na kuni yake juu. "Ndiyo mara ya kwanza?"

Mchungaji alinitazama mimi, akatazama chini. "Mimi... si mara ya kwanza. Iliniwakia zamani nilipokuwa nashuka Mafa. Nikajaza mafuta, ikazimika. Mwalimu Peniamina naye ameshajaza. Kamati ya akina mama wana chupa yao kabisa, wameiweka kabatini pamoja na sukari."

"Na hakuna aliyeniambia!"

"Tungekuambiaje? Mtu akuletee bakuli lake, umwambie lina ufa?"

"Kuna kingine mlichonificha?"

"Hakuna." Mchungaji alifuta mkono kwenye shuka yake. "Labda ule mlio."

"Mlio gani?"

"Ukikanyaga breki, gurudumu la mbele linalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Hujausikia?"

Sakaria hakuusikia kwa sababu gari alikuwa akiliendesha hadi kanisani tu, na redio akiifungulia hadi mwisho ili watu wajue anapita.

"Akina mama wanasema wakifika mteremkoni huimba kwa nguvu," mchungaji aliendelea. "Mimi nilidhani magari ya Auckland ndivyo yalivyo."

Nilifikiri mambo yamekwisha hapo. Nilimwona mchungaji akienda zake na mfuko wake, nikamgeukia Sakaria nikitarajia acheke. Hakucheka. Alikuwa ameinama juu ya injini, akiutazama mstari wangu wa rangi ya kucha, ambao sasa ulikuwa umefunikwa na mafuta.

"Karani, wewe umesoma," alisema taratibu. "Nieleze hesabu hii. Mchungaji anajaza. Mwalimu anajaza. Akina mama wanajaza. Chini hakuna tone. Kama watu wote wanajaza na hakuna panapovuja, nani anapunguza?"

Katika darasa la jioni nilijifunza jinsi mafuta yanavyobeba nguvu ndani ya bomba, niliichora hata picha yake, lakini gurudumu la gari sikupata kulifungua maishani.

"Wote wamelirudisha taa imezimwa," Sakaria aliendelea. "Mmoja tu karudisha inawaka. Mmoja, na ndiye aliyesema msiba. Sasa utaandika au nitafute karani mwingine?"

Niliandika. Niliandika kwamba mafuta yalipungua bila mvujo, kwamba kikopo kilifunguliwa, kwamba Ekueta alisema maneno fulani mlangoni. Neno kuua sikuliandika, lakini nilijua Shangazi Fetuao angelisoma hata hivyo. Sakaria alitia saini kwa kubonyeza sana, karatasi ikatoboka. Bahasha tukaiacha wazi, kwa kuwa alitaka kuisoma tena njiani. Alisema ataipeleka posta mwenyewe, kwa gari. Taa si ilikuwa imezimwa?

Jumatatu asubuhi tuliondoka, Sakaria kwenye usukani, Matalena kando yake, mimi nyuma na barua mfukoni mwa shati. Safari hii redio ilikuwa kimya, kwa amri yangu. Kwenye mbuzi waliokuwa wakivuka njia alikanyaga breki, na kweli nilisikia. Lakini haukuwa mlio wa paka. Ulikuwa mkwaruzo, chuma juu ya chuma, kama mtu anayeburuta jembe kwenye sakafu ya saruji. Matalena aligeuka kunitazama.

"Ametia mchanga," alisema Sakaria. "Unasikia? Mchanga kabisa."

Mwisho wa kijiji, penye daraja, ambapo barabara huanza kupanda mlima, Ekueta alikuwa amesimama katikati ya njia. Mkononi alishika kitu kizito cha chuma.

"Haya! Mmeona? Kaja na chuma!" Sakaria alikanyaga breki, gari likakwaruza, likaenda, likaenda tena kidogo, likasimama karibu sana na tumbo la Ekueta. Ekueta hakusogea. Chuma kile kilikuwa jeki.

"Nipishe," Sakaria alisema kupitia dirishani.

"Sikupishi."

"Nitakukanyaga."

"Kwa breki hizo huna haja ya kunitishia, utanikanyaga tu." Ekueta alipiga boneti kwa kiganja. "Najua mlichobeba. Kijiji kizima kinajua. Fungua tairi la mbele. Ukikuta breki zipo, ipeleke barua yako. Na mimi sitangoja baraza. Paa langu nitaliteremsha mwenyewe, leo hii, na watoto wangu wakiangalia."

Watu walikuwa wameshaanza kukusanyika, wengine na miswaki midomoni. Sakaria aliwatazama mmoja mmoja kana kwamba wamepangwa.

"Ni mtego," aliniambia. "Anataka gari lichelewe."

Matalena alifungua mlango. "Mimi nashuka. Mfungue tairi, msifungue, ni shauri lenu. Mlimani siendi." Akaenda kukaa kwenye ukuta wa daraja na pochi yake mapajani.

Sakaria hakumruhusu Ekueta aguse kitu. Alitia jeki mwenyewe, akafungua nati mwenyewe, akamwaga jasho. Tairi lilipotoka tuliinama sote.

Kila gurudumu la mbele lina diski ya chuma inayozunguka nalo, na pande zake mbili kuna pedi, ambazo ukikanyaga breki huibana ile diski kama vidole viwili. Pedi mpya huwa nene karibu kama kidole cha mtu. Hizi hazikuwa na kitu. Kilichobaki ni kibati cha mgongoni tu, kimeng'aa kwa kusuguana, na diski imechimbika mifereji, imekuwa kali kama mbuzi ya kukunia nazi. Niliipitishia ukucha, ukakatika.

Mwalimu Peniamina alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini. Nadhani alikumbuka mara zote alizoshuka Mafa na wanafunzi nyuma.

"Umezitoa wewe!" Sakaria alimgeukia Ekueta. "Umezitoa ukaweka hizi mbovu!"

"Nizitoe nizipeleke wapi, nizipike? Siku ile nilipata pancha njiani. Nikalifungua tairi hili hili, nikaona. Nimeshuka mlima mzima na gia ya kwanza, mama mkwe anasali nyuma, hadi mlangoni kwako. Nikakuambia. Ukanijibu nini?"

"Ulisema msiba."

"Na sasa nasema tena. Msiba! Unataka niimbe?"

Watu walicheka. Sakaria hakucheka, lakini alihamisha jeki upande wa pili bila kuambiwa. Kule pedi zilikuwa zimebaki wembamba wa biskuti. Alichuchumaa akazigusa kwa kidole.

"Haya, taa uliiona," alisema hatimaye. "Kwa nini hukujaza mafuta kama wenzako?"

"Ningejaza, taa ungeiona wapi?"

Hapo watu wengi walitazama chini, na mwenyekiti wa kamati ya akina mama alianza kumfunga mtoto vishikizo ambavyo vilikuwa vimeshafungwa. Lakini Sakaria alikuwa na swali lake moja, na hakulitupa.

"Na mafuta? Mafuta yanakwenda wapi?"

"Mafuta sijui," Ekueta alisema. "Mimi nilisema breki. Mafuta mmesema nyinyi."

Kwa hiyo barua ilibaki mfukoni mwangu, haijachanwa na haijatumwa. Gari lilisukumwa kwa mikono hadi bandani, na Ekueta alikuwa mmoja wa wasukumaji. Sakaria alipanda basi kwenda Apia kununua pedi na diski, mimi nikiwa naye. Alikaa dirishani akiwa amezifunika funguo kwa kiganja ili watu wasizione. Njia nzima alirudia swali lile lile. Mara aseme labda Ekueta alifanya yote mawili, aliona pedi na mafuta akanyonya. Mara aseme labda ni mwalimu. Karibu na soko aliniuliza mimi nilikuwa wapi Alhamisi ile.

Siku iliyofuata tulizifunga. Ekueta alikuja na jiliwa yake ya useremala, ile ya kubania mbao, bila kualikwa, akakaa juu ya gogo. Matalena alisimama penye boneti iliyofunguliwa, kwa kuwa Sakaria alitaka mtu wa kuaminika akilinde kile kikopo.

Pedi mpya ilikataa kuingia, kwa unene wake. Pistoni, kile kichuma cha mviringo kinachoisukuma pedi, kilikuwa kimetoka nje sana.

"Lazima kirudi ndani," nilisema.

Sakaria alichukua jiliwa kwa Ekueta bila kumtazama usoni. Akaibana, akaizungusha polepole. Pistoni ilianza kurudi.

"Ee!" Matalena alipiga kelele. "Yanapanda!"

"Nini kinapanda?"

"Mafuta! Hakuna mtu aliyetia kitu na yanapanda! Yamepita mstari wa juu wa kikopo. Sakaria, yanajaa!"

Aliiacha jiliwa, akaja mbio. Mafuta yalisimama. Alirudi akazungusha tena kidogo, akakimbia kuangalia: yamepanda. Alifanya hivyo mara kadhaa, kama mtoto aliyegundua kioo. Mwishowe alizungusha hadi mwisho, na mafuta yakafurika kifunikoni, yakateremka ubavuni mwa kikopo na kuanza kula rangi upya. Mafuta ya mchungaji, ya mwalimu, ya kabati la akina mama, yote yalimwagika mbele yetu sakafuni.

Ndipo picha niliyoichora katika darasa la jioni ilipopata maana. Kadiri pedi inavyolika, pistoni husogea mbele kuifuata, na mafuta husogea kujaza nafasi iliyobaki nyuma yake. Hayakuvuja wala hayakuibiwa. Kikopo kilishuka kwa sababu pedi zilikuwa zinakwisha, na taa iliwaka kusema hivyo, na kila ilipowaka kijiji chetu chenye adabu kiliizima. Nilieleza hayo kwa maneno machache. Hakuna aliyenisikiliza, wote walikuwa wanamtazama Sakaria.

Yeye alikuwa ameshika tambara, anafuta mahali palipokwisha kukauka.

"Yalikuwa humu humu," alisema.

Ekueta alinyanyuka kwenye gogo, akachukua jiliwa yake, akaenda nyumbani.

Kesho yake kabla jua halijapata nguvu, Sakaria alikuwa amekaa chini mbele ya nyumba ya Ekueta, kichwa na mabega vimefunikwa na mkeka laini wa mama yake, ule ambao hautolewi ila kwa jambo zito. Anayeomba msamaha hivyo hasemi, anangoja. Mwenye nyumba akitoka akauinua mkeka, yamekwisha. Asipotoka, hayajaisha.

Ekueta alitoka hadi ukingo wa sakafu na kikombe cha kakao.

"Baba, si umwondolee?" binti yake alimwambia.

"Acha akae kidogo. Bado hajaiva."

Alikunywa kakao yake yote. Kisha akashuka, akauinua mkeka kwa mikono miwili, akaukunja vizuri, akauweka kando.

"Ingia ule," alisema. "Lakini usinuse chakula kwanza. Hakina sumu."

Barua ya kwanza niliichoma motoni nikiwa na wote wawili. Ya pili nilimwambia Sakaria aiandike kwa mkono wake. Alilalamika kwamba mwandiko wake ni mbaya, nikamwambia Shangazi atausoma vizuri zaidi. Ilimchukua asubuhi nzima. Aliandika kwamba alimshuku Ekueta bure, na kwamba asiyejaza mafuta ndiye aliyesema kweli. Aliandika kwamba kuanzia sasa mwenye kuazima gari na akaiona taa inawaka, asiizime, aje aseme, hata kama ni mchungaji. Kuhusu cheo aliandika hivi: "Bado nakitaka. Lakini usinipe kwa sababu ya gari, na Ekueta usimnyime kwa sababu yangu."

"Hapo ungeishia kwenye neno gari," Ekueta alimwambia, akisoma juu ya bega lake.

"Barua ni yangu."

Tulikwenda Apia sote, Ekueta akiendesha. Katika mteremko wa Mafa Sakaria aliitazama dashibodi bila kupepesa, na mguu wake wa kulia ulikanyaga sakafu kila Ekueta alipokanyaga breki. Hakuna kilicholia wala kilichowaka. Alinung'unika kwamba gari limenyamaza mno.

Posta, kabla hajafunga bahasha, alitoa kitambaa mfukoni, akafunua ile pedi iliyokwisha, kibati kitupu, akaitia ndani pamoja na barua.

"Aone mwenyewe," alisema. "Asije akadhani nimetunga."

Akalamba gundi, akabana kwa kidole gumba kutoka ncha hadi ncha. Msichana wa dirishani aliipima bahasha mkononi kabla ya kuiweka kwenye mizani.

"Nzito hii, baba. Ndani kuna nini?"

"Breki."

Msichana alimtazama, akamtazama Ekueta, akanitazama mimi. Kisha akagonga muhuri juu ya stempu na kuitupa ndani ya gunia la Auckland. Sakaria hakuondoka dirishani mpaka gunia lilipofungwa mdomo na kubebwa.